Miguu ya bata mzinga nimeipika kama jogoo wa Bibi

Ijumaa ya wiki juzi nilinunua tena miguu minne ya bata mzinga. Pakiti ilikuwa chini kabisa kwenye friza la duka, imefunikwa na mifuko ya mabawa ya kuku, na bei yake ilikuwa dola 1 na senti 49 kwa ratili. Ratili ni nusu kilo kasoro kidogo. Miguu yote minne ilikuwa ratili tano na ushee, kwa hiyo sikufikisha hata dola nane. Kwa familia ya watu watano, kwa bei za siku hizi, hiyo ni nyama ya chakula cha usiku, supu ya kesho yake na kipande cha kuweka kwenye mboga Jumatatu.

Ninaposema mguu ni kile kipande cha kuanzia gotini kushuka hadi kwenye kifundo, ambacho kwa kuku, watoto hukigombania. Kwa bata mzinga hakigombaniwi. Wamarekani wengi wanapenda kidari, nyama nyeupe, na miguu mingi inakwenda kusindikwa au kuuzwa nje. Mnunuzi mkubwa kuliko wote ni Mexico. Ndiyo maana inayobaki madukani ni rahisi hivyo.

Naishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis. Minnesota ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kufuga bata mzinga, makumi ya mamilioni kwa mwaka, kwa hiyo hii ndiyo nyama ya mahali tunapoishi, kama vile samaki kwa mtu wa Tanga mjini. Nilichukua muda mrefu kuielewa.

Mara ya kwanza nilipoipika ilikuwa Novemba 2016, siku chache baada ya Thanksgiving, ile Alhamisi ya nne ya Novemba ambayo nchi nzima hula bata mzinga. Maduka yalikuwa yanashusha bei ya kilichobaki. Nikapaka miguu chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, nikawasha oveni nyuzi 400 za Farenhaiti kama nifanyavyo kwa mapaja ya kuku. Baada ya saa moja ngozi ilikuwa imepata rangi ya kahawia ya kupendeza na nyumba yote inanukia. Nikachomeka kipimajoto, kikasoma 170. Maelekezo ya pakiti yalisema 165 inatosha. Nikaamini kazi imekwisha.

Mezani nyama ilivutika kama mpira wa baiskeli. Mke wangu alitafuna kipande kimoja muda mrefu, halafu akakiweka pembeni ya sahani bila kusema neno. Kijana wetu wakati huo alikuwa na miaka minne. Akaanza kukohoa. Nilimtoa mdomoni kijiti cheupe, kigumu, kirefu kama kidole changu, mithili ya mwiba wa samaki mkubwa. Sikuwa najua kwamba ndege ana miiba. Usiku ule tulikula ugali na maziwa ya mgando, na ile miguu ilikaa kwenye friji siku mbili nikiitazama kwa uchungu, maana kwetu chakula hakitupwi.

Jumapili nikampigia mama Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Baridi imeshaanza?"

Tulipomaliza habari za baridi nikamweleza habari za ile nyama. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza huyo bata alikuwa na umri gani. Nikamwambia sijui, nimenunua miguu mitupu.

"Basi na huo umri ndio ungeuuliza kwanza. Jogoo mzee Bibi yako alikuwa anampikaje?"

Swali hilo lilinirudisha jikoni kwa Bibi, kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, mafiga matatu na sufuria nyeusi isiyo na mkono mmoja. Bibi hakuwa akichinja vifaranga wala matetea. Aliyechinjwa, wageni wakija au Krismasi, alikuwa jogoo aliyekwisha kazi yake, mwenye kucha ndefu na shingo ngumu. Alimtokosa tangu saa nne asubuhi kwa chumvi, tangawizi na kitunguu, sufuria imefunikwa na sinia na juu ya sinia ameweka jiwe. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kutazama moto. Maji yakianza kuchachamaa mpaka sinia linacheza, Bibi aliita kutoka uani: "Toa ukuni. Toa ukuni." Nikitoa ukuni mmoja, sufuria ilirudi kwenye ile hali aliyoitaka, kipovu kimoja hapa, kingine kule. Saa nane ndipo tui lilipoingia. Nyama ya jogoo yule mwenye shingo ngumu ilichambuka kwa ncha za vidole.

Nilikuwa nimeshika mguu wa jogoo mzee nikaupika kama broila.

Tangu hapo nimesoma na kuuliza mpaka nimejua kinachotokea ndani ya sufuria, na nakieleza kwa sababu mtu akishakielewa hahitaji tena kushika mapishi kichwani. Broila tunayemla anachinjwa akiwa na wiki sita au saba. Bata mzinga dume anafugwa wiki 18 hadi 20, na kufikia hapo uzito wake umeshapita kilo 15. Miguu miwili ndiyo iliyobeba uzito huo kila siku, kusimama na kutembea. Msuli unaofanya kazi namna hiyo unakuwa mwekundu na umefungwa kwa kolajeni nyingi, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia nyama pamoja na kuifunga kwenye mfupa. Kolajeni inaanza kulegea ikipita kama nyuzi 70 za Selsiasi, lakini taratibu sana. Ikikaa kwenye 80 hadi 90 kwa saa mbili au tatu ndipo inapogeuka jelatini. Mtu aliyewahi kunywa supu ya makongoro alfajiri anaijua jelatini hata kama hajui jina lake: ndiyo inayofanya midomo ishikane.

Ile 165 ya pakiti, sawa na 74 za Selsiasi, ni kipimo cha usalama. Ikifika hapo vijidudu vya kuleta ugonjwa vimekufa na nyama inalika bila hofu. Kulainika ni suala jingine kabisa. Kwa mguu wa bata mzinga nasubiri kipimajoto kisome kati ya 185 na 195 za Farenhaiti, kama 85 hadi 90 za Selsiasi, tena si kupita tu na kurudi, nyama ikae kwenye joto hilo. Kidari ukikifikisha huko kinakuwa makapi. Mguu ndiyo kwanza unafunguka.

Habari ya miiba nilielezwa na rafiki yangu, Msomali wa Garissa tunayesali naye Kiswahili, kama anavyopenda kusema mwenyewe, kwa maana ya kwamba tukikutana hatuzungumzi lugha nyingine. Alifanya kazi miaka kadhaa Willmar, mji ulio magharibi mwa hapa, mwendo wa kama saa mbili kwa gari, ambako Wasomali wengi wameajiriwa kwenye viwanda vya bata mzinga. Aliniambia vile si mifupa ya asili. Ni kano. Bata mzinga akikua, kano za miguuni mwake zinajaa madini na kuwa ngumu kama mfupa. Hazilainiki hata ukizipika siku nzima. Akanionyesha pa kukata: zungusha kisu kikali kwenye sehemu nyembamba ya mguu, juu kidogo ya kifundo, mpaka uguse mfupa pande zote. Hapo umezikata kano kwenye ncha yake ya chini, na nyama ikiiva inapanda juu na kuziacha ncha zake zinachungulia. Unazichomoa moja moja kwa koleo dogo. Mimi nina koleo la jikoni peke yake, halitoki kwenye droo kwenda kushika misumari. Na kwa watoto wadogo siwapi mguu mzima mkononi hata siku moja; nachambua nyama mwenyewe, napitisha vidole, ndipo naweka sahanini.

Sasa nieleze nilivyopika juzi.

Pakiti niliitoa kwenye friza Alhamisi ya wiki iliyofuata, nikaiweka kwenye friji juu ya sinia lenye kingo, maana maji yake yakidondokea mboga ni hatari. Sikuiacha juu ya meza iyeyuke. Miguu minne iliyoganda pamoja inataka siku moja na nusu hivi, hata mbili. Ijumaa usiku, watoto wameshalala, nikaikausha kwa karatasi, nikaikata kano kama nilivyosema, nikaipaka chumvi vijiko vitatu vya chai kwa miguu yote minne. Nikaongeza tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, pilipili manga na bizari nyembamba niliyoikaanga kavu kabla ya kuisaga. Nikairudisha kwenye friji bila kuifunika. Chumvi ikilala usiku kucha inaingia ndani ya nyama. Ukiitia asubuhi inabaki kwenye ngozi na mchuzi. Ndimu sitii usiku. Nilishawahi kufanya hivyo, na sehemu ya juu ya nyama ikawa kama chaki. Ndimu nafasi yake ni mwisho.

Wengine watauliza habari ya papai bichi. Nimelijaribu, kwa kuwa kwetu nyama ngumu husuguliwa papai bichi na huwa linasaidia kwenye mishikaki. Kwenye mguu mnene kama huu maji ya papai hayafiki ndani. Yalilainisha juu mpaka pakawa uji, na chini ya hapo ugumu ulikuwa uleule. Sitalirudia.

Jumamosi saa saba mchana nikaweka moto sufuria yangu nzito ya chuma, mafuta vijiko viwili, nikaikaanga miguu miwili miwili mpaka ikawa kahawia kila upande, kama dakika nne kwa upande. Usiharakishe hapa, na usijaze sufuria, ikijaa nyama inatoa maji na kujichemsha badala ya kukaangika. Nikaitoa. Kwenye mafuta yaleyale, vitunguu vikubwa viwili, vikalainika mpaka vikaanza kupata rangi na kukwangua yale makoko yaliyoshika chini, maana utamu wa mchuzi umelala humo. Nyanya ya kopo kijiko kimoja kikubwa, ikaangwe hadi ibadilike iwe nyekundu iliyokolea. Nyanya mbichi tatu. Bizari ya manjano kidogo, giligilani ya unga, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, si tatu.

Tui ndilo jambo langu. Hapa hakuna mbuzi ya kukunia nazi wala nazi yenyewe yenye maana, natumia la kopo, ila kopo nalichagua: ndani iwe nazi na maji tu, isiwe na vile vya kuzuia lisijitenge. Kopo mbili zinakaa gereji, na kuanzia Oktoba gereji yetu ni friji tosha. Nikilifungua bila kulitikisa, juu kuna kasimele zito kama siagi na chini kuna tui jepesi. Nakuwa nimepata tui la kwanza na la pili bila kukamua. Tui jepesi nikalimimina kwenye sufuria pamoja na maji, likafika nusu ya miguu, si kuizamisha. Kasimele nikaliweka pembeni mpaka mwisho, kwa sababu likichemka muda mrefu linakatika na mchuzi unabaki na mafuta yanayoelea.

Lilipoanza kuchemka nikafunika, nikasukuma sufuria ndani ya oveni nyuzi 300 za Farenhaiti, sawa na 150 za Selsiasi. Oveni ndiyo inayonitolea ukuni siku hizi. Joto linazunguka sufuria pande zote na halipandi wala kushuka. Ambaye hana oveni, moto mdogo kabisa wa jiko la gesi unafaa, ila ageuze miguu kila nusu saa na atazame maji. Sufuria ya presha nayo inaweza, dakika 45 hadi 50 na nyama inalainika kweli, nimeitumia siku za kazi. Ngozi tu inalegea kama kitambaa kilicholowa, na mchuzi unakosa ule ukolezo wa kupikwa taratibu.

Baada ya saa moja na nusu nikafunua na kuigeuza. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, maana ukiichoma kwa uma bado inakataa. Nakuomba uifunike na uondoke. Nilikwenda kumsaidia binti yangu hesabu za darasa la pili. Saa mbili na nusu zilipotimia, nyama ilikuwa imepanda juu ya mfupa kama soksi iliyokunjwa, na kano zimetokeza, tisa kwenye mguu mmoja. Kisu kidogo kiliingia na kutoka bila kushikwa. Nilipima: 193. Nikaacha dakika kumi na tano nyingine.

Kisha nikaitoa miguu taratibu kwa kijiko kikubwa, ikiwa hivyo inaweza kuvunjika, nikaipanga kwenye sinia la oveni. Kano zikatoka kwa koleo kama sindano kwenye kitambaa. Mchuzi nikauchemsha bila kufunika hadi ukawa rojo, ndipo nikatia kasimele, nikakoroga upande mmoja mpaka ukaonyesha dalili ya kuchemka, nikazima. Ndimu nzima. Nikaonja, nikaongeza chumvi kidogo. Rojo hilo nikaipaka miguu, nikaiweka chini ya moto wa juu wa oveni dakika tano, nikapaka tena, dakika tatu zaidi, hadi ikashika madoa meusi hapa na pale kama kuku wa kupaka aliyetoka juu ya makaa. Makaa ni bora zaidi, sibishi. Lakini nje kulikuwa na theluji.

Tulikula na wali. Kijana wangu, yule yule wa mwaka 2016, alimaliza mguu mzima akabakiza mfupa mweupe na akauliza kama kuna mwingine.

Ipo njia ya pili ya miguu hii ambayo si ya kwetu, ila nimeipenda. Jirani yetu ni mama wa makamo mzaliwa wa Mississippi, na kwao mguu wa bata mzinga uliopigwa moshi hutokoswa na majani yanayoitwa collards. Siku aliyotuletea bakuli, mke wangu alionja akasema, "Hii si sukuma wiki?" Ndiyo hiyo hiyo, jamii ile ile ya kabichi isiyofunga. Yule mama anatanguliza mguu peke yake kwenye maji saa mbili, hadi mchuzi uwe mzito, ndipo anatia majani na kuyapika muda mrefu kuliko tunavyoyapika sisi, na siki mwishoni. Nilimwambia kwetu majani hayakai motoni zaidi ya dakika kumi. Akanijibu kwa upole kwamba nijaribu kwanza. Nimejaribu. Majani yanakuwa meusi na laini, na yamekunywa utamu wote wa mfupa. Tangu hapo kila nikipika miguu minne, mmoja naubakiza kwa ajili ya mboga ya Jumatatu. Wa moshi una chumvi yake tayari, kwa hiyo usitie chumvi kabla ya kuonja.

Kwa mlioko nyumbani mnaofuga bata mzinga uani: wa kwenu huenda ana mwaka mzima au zaidi, ametembea na kufukuza watoto na mbwa. Saa mbili na nusu zangu msizishike kama sheria. Anaweza kutaka tatu na nusu. Angalieni nyama inavyopanda mfupani na msitazame saa. Na kano zake zitakuwa ngumu zaidi.

Mke wangu anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na Jumamosi aliondoka saa nne usiku akiwa amekula haraka haraka. Mifupa sikuitupa. Niliirudisha kwenye sufuria na maji, tangawizi na kitunguu, moto mdogo saa mbili, nikachuja, nikapooza kwenye sinki lenye barafu na kuiweka kwenye friji. Jumapili alfajiri supu ilikuwa imeganda, ukitikisa bakuli inacheza. Nikaipasha, nikatia vipande vya nyama vilivyobaki, pilipili mbuzi moja iliyopasuliwa na ndimu, nikachoma chapati mbili. Aliingia saa moja na nusu, viatu vina theluji, akasimama mlangoni akinusa kabla hajavua koti.

"Makongoro umeyapata wapi huku?" akaniuliza.

Nikamwambia akae kwanza, anywe ingali ya moto.